Simu ya Dirishani

Mteja wa kwanza kabisa wa ile programu alikuwa Mama Mkubwa, na hakukubali mtu yeyote amtangulie.

"Nilee mimi, halafu akianza kuuza dawa kwa simu, watu baki wawe mbele yangu? Thubutu!"

Aliyasema hayo Jumapili mchana, amekaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, miguu ameipandisha juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa na tabia ya kuvimba. Basi Injinia, maana ndivyo alivyomwita tangu kijana huyo alipofungua redio ya nyumbani na kushindwa kuifunga, akaitoa simu dirishani, akaifuta vumbi kwa upindo wa shati, akamsajili. Jina, mtaa, dawa ya sukari ya kuchoma, namba ya simu. Mama Mkubwa akataka kuona jina lake kwenye kioo. Akaliangalia kwa muda mrefu, simu ameiweka mbali na macho, kisha akasema limependeza.

Simu ile ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Ilikaa dirishani kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipopatikana bila kubembelezwa, na ilikuwa ya Mama Mkubwa na ya mdogo wake, yaani mama mzazi wa Injinia, wala hakuna aliyekumbuka nani aliinunua. Ikilia, aliye karibu anapokea. Ikiwa si yake, anapaza sauti mpaka jikoni. Injinia mwenyewe alikulia kwenye simu hiyo. Namba aliyoandika kwenye fomu za shule ilikuwa hiyo, aliyoombea kazi ilikuwa hiyo, na hata aliyompa msichana wa kwanza kumpenda ilikuwa hiyo hiyo. Mama Mkubwa ndiye aliyepokea, akamhoji binti wa watu kuhusu ukoo wake mpaka binti akakata. Hayo yote Injinia aliyajua. Ninayasema mapema ili baadaye mtu asije akamtetea kwamba hakujua.

Mama yake alimzaa, akarudi zamu kiwandani kabla kitovu hakijakauka vizuri. Aliyebaki kumbeba, kumwogesha, kumchapa na kumfundisha kusoma ni dada mtu, ambaye yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Waume wote wawili walishatangulia mbele ya haki, na mabibi hao walizeeka pamoja wakitaniana kutwa kucha. Mdogo alikuwa na presha, mkubwa alikuwa na sukari, na kila mmoja aliona ugonjwa wake ndio ugonjwa, wa mwenzake ni deko. Dawa ya sukari ilikaa kwenye mlango wa friji, ndani ya kikopo cha bati, jirani na mayai. Kikopo hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa mwenyewe, asubuhi na jioni, akiwa na sindano yake.

Na ukweli usemwe, programu ile ilizaliwa na mapenzi. Kila mwezi Mama Mkubwa alikwenda mwenyewe duka la dawa, akasimama kwenye foleni ya kaunta na miguu yake ile, mbele yake mtu ananunua dawa ya mafua na kusimulia mafua yalivyomwanza. Injinia aliajiriwa hapo kushughulikia kompyuta. Siku moja aliangalia chini kutoka ofisini, akamwona mama yake mkubwa ameegemea ukuta, kiatu kimoja amekivua. Hapo ndipo alipomwendea mwenye duka na kumwambia kwamba dawa za kudumu zinaweza kuagizwa kwa simu na kupelekwa mpaka mlangoni.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mkavu, mfanyakazi hodari, ambaye wote walimwita Mfamasia. Alisikiliza, akauliza gharama, akauliza tena gharama, akakubali.

Ofisi ilikuwa juu ya duka, chumba kimoja kinachonuka maboksi na spiriti, kimejaa katoni za glovu hadi dirishani. Habari za wateja wote zilikuwa kwenye kompyuta ya zamani chini ya kaunta, ambayo siku za joto ilipepewa kwa kifuniko cha boksi kama mgonjwa. Sasa Injinia akatakiwa kuiunganisha programu mpya na hifadhidata ya winguni, ghala la habari linalokaa kwenye mashine za mbali. Wenzake hawakumwacha apumue. "Mzee wa Mawingu, leo tuanike nguo au tusianike?" Naye huwajibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," na kurudi kwenye kioo chake.

Haikuwa kazi lelemama. Nafasi winguni ilikodiwa kwa kampuni ya mbali ambayo hakuna aliyewahi kuuona uso wa mtu wake. Kulikuwa na funguo za siri za kufichwa mahali ambapo hata yeye mwenyewe alitaka kusahau, na geti la kufunguliwa kwa seva yao, yaani mashine inayoendesha programu, peke yake. Likifunguliwa sana, dunia nzima inaingia. Likifungwa sana, wao wenyewe wanabaki nje wanabisha hodi. Kwa siku nyingi walibaki nje. Injinia alifikia mahali pa kuiongelesha ile mashine kwa upole, kisha kwa matusi, kisha kwa upole tena. Siku ilipojibu kwamba imeunganishwa aliruka kwenye kiti, akagonga kichwa kwenye rafu, na wa chini wakadhani katoni zimeanguka.

Sasa kuna jambo hapa lazima lieleweke, maana ndilo lililoleta msiba. Kompyuta ya zamani ilikuwa ya majedwali, kila kitu na chumba chake, na ukikosea ilikugombeza. Hifadhidata mpya ilikuwa ya aina nyingine, ile wanayoiita NoSQL, isiyojali majedwali. Yenyewe ni ghala la bahasha. Kila mteja ana bahasha yake, na ndani weka utakacho: jina, dawa, mtaa, hata habari za mbwa wake mkali ili mpeleka mizigo ajihadhari. Inachodai ni kimoja tu, kwamba juu ya kila bahasha kuwe na alama isiyofanana na nyingine. Ukileta bahasha mpya yenye alama ambayo tayari imo, haikugombezi wala haikuulizi. Inaitoa ya zamani, inaitupa, inaweka mpya, kisha inakujibu kwa adabu kwamba kazi imefanyika.

Alama hiyo iwe nini? Majina yanafanana. Vitambulisho wazee walishavipoteza, au vimeandikwa miaka ya uongo. Injinia akaamua iwe namba ya simu.

"Kila mtu anayo?" Mfamasia aliuliza.

"Bosi, siku hizi nani hana simu yake?"

Mezani kwake kulikuwa na simu tatu wakati anasema hivyo: yake, ya ofisi, na ya majaribio. Mtoto wa simu ya dirishani! Mgeni kutoka nje, aliyekulia nyumba ambayo kila mtu ana simu na chaja yake, angekosea hivyo na tungemsamehe. Huyu alikuwa ameanza kuvaa viatu vya wenye navyo, na viatu hivyo humfanya mtu asahau alipokuwa akikanyaga peku.

Alijaribu. Alijisajili kwa namba yake, akajisajili tena kwa namba ile ile na jina la kubuni. Ghala likabaki na bahasha moja, ya pili. Akafurahi. Aliona kwamba sasa hakuna mteja atakayeandikwa mara mbili na kupelekewa dawa mara mbili. Kisha akahamisha wateja wote wa kompyuta ya zamani kwenda winguni, na mhudumu wa kaunta, dada mpole aliyependa mambo yake yakae sawa, akapanda ngazi kumwambia kwamba hesabu haikubaliani.

"Huku chini ni wengi. Huko kwako wamepungua."

"Waliopungua ni wale mliowaandika mara mbili mbili," Injinia akamjibu bila kugeuka. "Wingu limewasafisha."

Ofisi ikacheka. Mfamasia naye akacheka, jambo la nadra, na dada wa watu akashuka ngazi akiwa ameona haya. Sifa zilishampanda kijana kichwani, na mwenye sifa kichwani hasikii mlango ukibishwa.

Mwezi wa kwanza dawa ya Mama Mkubwa ilifika kama saa ya ukutani. Aliileta mpeleka mizigo waliyemwita Kobe kwa sababu aliendesha pikipiki kama anayefukuzwa na nyuki, kwenye kisanduku chenye barafu, imefungwa vizuri na jina lake juu. Mama Mkubwa aliipokea mlangoni kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili jirani asikie. Jirani huyo alikuwa na mdomo. Kwake, mtoto wa mtu akipata kazi ni bahati, akiikosa ni uvivu. Kwa hiyo Mama Mkubwa alimwonyesha kisanduku, akamwonyesha barafu, akamwambia, "Hii ni kazi ya Injinia wangu. Mimi na foleni basi tena."

Mdogo wake alisimama nyuma yake akitazama. Na yeye alikuwa mama wa huyo Injinia, aliyemzaa kwa uchungu. Alitaka yake.

"Na mimi niandike humo," akamwambia Kobe. "Vidonge vyangu vya presha. Isionekane dada peke yake ndiye mwenye mtoto."

Kobe akaichukua simu ya dirishani, akamwelekeza pa kubonyeza. Jina, mtaa, vidonge vya presha, namba ya simu. Mama akabonyeza kitufe cha mwisho kwa kidole chake mwenyewe. Programu ikamshukuru. Wote wawili wakacheka na Kobe akaondoka.

Mwezi wa pili Mfamasia alifunga kaunta ya dawa za kudumu. Wiki hiyo Injinia alikuwa hashikiki. Duka lilikuwa linafungua tawi, wakubwa walikuwa wanakuja kuiona programu, na yeye ndiye wa kuieleza. Mama yake alimpigia mchana mmoja akiwa anaingia mkutanoni, shati jipya, kadi shingoni.

"Mwanangu, hujambo? Vidonge vyangu vimefika, Mungu akubariki. Ila dada yangu... mama yako mkubwa, ya kwake..."

"Mama, samahani, naingia kwenye mkutano. Nitakupigia."

"Haya, baba. Kazi njema."

Hakupiga. Jioni alikuwa amechoka, kesho yake kulikuwa na kesho yake. Na kwa kweli hakusikia chochote cha kutisha katika sauti ile. Mama yake naye alikuwa mtu wa kuanza na salamu, akamaliza bila kulifikia jambo.

Yaliyotokea nyumbani aliyapata baadaye, vipande vipande, kutoka kinywani mwa mama yake. Kobe alikuja na kifurushi kimoja. Mama Mkubwa akamuuliza kisanduku kiko wapi. Kobe akatazama simu yake, akapandisha, akashusha. "Mama, humu kuna jina la mdogo wako tu. Labda yako inakuja kesho." Kesho haikuja. Siku iliyofuata haikuja. Kikopo cha bati kilikuwa na kichupa kimoja kilichobaki chini chini, na Mama Mkubwa akaanza kujichoma nusu, kisha nusu ya nusu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi.

"Twende tukanunue dukani," mdogo wake alimwambia.

"Kaunta imefungwa."

"Twende duka lingine basi. Maduka yamejaa."

"Nikanunue kwingine, yule wa pili atuone na mfuko?" Alionyesha ukuta wa jirani kwa kidevu. "Atauliza, kwani ya mwanao imekwama? Nitamjibu nini? Mtoto ndio kwanza anaanza. Acha niisubiri."

"Basi nimpigie tena."

"Umeshampigia. Amesema atapiga. Mtoto akisema atapiga, atapiga."

Akasubiri. Alikunywa maji, akaomba maji, akanywa tena, akaenda chooni, akarudi akaomba maji. Akaacha kutania. Mdogo wake anasema hapo ndipo alipoogopa, alipomwambia sukari yake ni deko na dada asimjibu. Akaanza kulala mchana kwenye kiti, kichwa kimeinama, na asubuhi moja hakuamka vizuri. Alikuwa anapumua kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Jirani mwenye mdomo ndiye aliyeleta gari. Hakuuliza chochote, alimbeba miguu.

Injinia aliwakuta hospitali, kwenye korido yenye benchi la chuma. Daktari wa zamu alitoka na karatasi mkononi, mtu mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Mara ya mwisho alichoma dozi kamili lini?"

Mama yake alianza kuhesabu siku kwa vidole.

"Dawa iliisha?"

"Tulikuwa tunasubiri," mama akasema.

"Mnasubiri nini?"

Mama alimtazama mwanawe. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama kama anayetaka asaidiwe jibu, kwa kuwa mambo hayo ya simu yeye ndiye aliyeyasomea. Injinia alikwenda mwisho wa korido, karibu na ndoo ya dekio, akatoa simu yake na kuingia winguni kwa funguo zile alizozificha vizuri. Akatafuta namba ya nyumbani. Aliijua kwa moyo kuliko yake mwenyewe.

Bahasha ikafunguka. Ndani kulikuwa na jina la mama yake, mtaa, vidonge vya presha. Basi. Akatafuta jina la Mama Mkubwa, ghala likamjibu kwa adabu kwamba mtu huyo hayupo.

Alielewa palepale. Hakuhitaji kufikiri, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba hakuhitaji kufikiri hata kidogo. Akaketi sakafuni kwenye maji ya dekio. Mfagiaji akamwambia, "Kaka, hapo pamelowa," naye akasema ndiyo, na hakuinuka.

Mama Mkubwa alifariki kabla ya jua kuzama. Hakuzinduka kusema neno. Wale wanaotaka marehemu aseme maneno ya mwisho ya busara, hapa hawana chao.

Baada ya maziko Injinia alirudi ofisini kabla ya siku zake za ruhusa kwisha, akamweleza Mfamasia yote bila kujipaka mafuta. Mama yule mkavu alivua miwani. Akauliza lile ambalo Injinia alikuwa analikimbia.

"Wengine wangapi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyeitengeneza?"

"Bahasha ikitupwa haiachi dalili, bosi. Maji yakimwagika..." Akashindwa kumalizia methali.

Mfamasia alishuka mwenyewe, akaifunua ile kompyuta ya zamani iliyokuwa imeshawekewa kitambaa ikingoja kuuzwa. Yule dada wa kaunta akaiwasha. Hakusema nilikuambia. Heri angesema. Injinia akaketi kwenye stuli ya dada huyo nyuma ya kaunta, akabadilisha alama: sasa kila mtu na alama yake mwenyewe, na namba ya simu ikawa ndani ya bahasha kama habari nyingine, hata watu kumi waitumie pamoja. Kisha akaanza kuwarudisha. Mzee na mkewe, namba moja. Mama na bintiye mwenye kifafa, namba moja. Mabwana watatu wa chumba kimoja, namba moja. Kila nyumba ilikuwa na dirisha lake. Kobe alitumwa na visanduku mlango hadi mlango, na safari hii hakuna aliyemtania jina. Wengi aliwakuta salama, wamejinunulia kwingine na wamekasirika. Mmoja alimkuta amelazwa. Mlango mmoja haukufunguliwa, na majirani walisema wenyewe wamehamia kwa ndugu. Kobe alirudi mara kwa mara kuubisha.

Majina yalipokuwa yanapita kwenye kioo, likapita la Mama Mkubwa. Injinia aliliona. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta na kikakataa. Kumfuta tena? Alishamfuta mara moja. Akajiambia atarudi baadaye, akaliacha likaenda winguni pamoja na wenzake. Alichosahau ni kitu alichokiandika yeye mwenyewe mwanzoni kabisa, akiwa na furaha: kila anayeingia ghalani atumiwe ujumbe, na dawa yake iingie kwenye orodha ya Kobe.

Jioni hiyo alikuwa nyumbani. Waliokuja kutoa pole walishapungua, viti vya kuazima vimepangwa uani vikingoja mwenyewe. Mama yake alikaa sakafuni kwenye mkeka, kiti cha mbao hakuna aliyekikalia. Simu ikalia mlio mfupi dirishani. Mama akainuka kwa shida, akaichukua, akaiweka mbali na macho kama dada yake alivyokuwa akifanya.

"Miwani sijui iko wapi. Hebu nisomee, mwanangu. Huenda ni ndugu zetu wa mbali hawajapata habari."

Injinia akaipokea, akausoma ujumbe. Kulikuwa na jina la Mama Mkubwa, limeandikwa sawasawa. Chini yake: dawa yako ya sukari imeandaliwa, itafika kesho asubuhi, samahani kwa kuchelewa.

"Wanasemaje?"

Angeweza kusema ni wauzaji wa vocha. Mama angeamini, angerudi kwenye mkeka, na maisha yangeendelea.

"Ni ya Mama Mkubwa."

"Nani anamtafuta?"

"Mimi, mama. Ni mimi niliyemwandikia."

Akamweleza. Hakutumia maneno ya ofisini. Alimwambia habari za ghala, za bahasha, za alama, na kwamba yeye alichagua alama ya simu akijua nyumba yao ina simu moja. Alisema ni mimi, akarudia ni mimi, kosa ni langu, kama anayepiga msumari ili usije ukatoka. Mama alisikiliza, mikono mapajani. Alipomaliza, mama hakulia. Alikuwa anafuatilia jambo taratibu, kwa kichwa chake cha mtu aliyefanya kazi ya mashine kiwandani maisha yake yote na kujua kwamba mashine haifanyi kitu bila mkono wa mtu.

"Siku ile nilipomwambia Kobe aniandike na mimi," akasema.

"Mama, si wewe."

"Sijakuuliza kama ni mimi. Nilipobonyeza, dada akatoka?"

Injinia alimtazama. Alitamani ghala limpe jibu jingine.

"Ndiyo."

Mama akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Nilikuwa na wivu," akasema. "Kidogo tu." Kisha akaichukua simu kutoka mkononi mwa mwanawe, akairudisha dirishani mahali pake, akaigeuza kioo kitazame chini.

Asubuhi pikipiki ilisimama mlangoni, imekuja polepole. Kobe alikuwa amevua kofia yake ngumu, ameshika kisanduku kwa mikono miwili. Orodha ilikuwa imemwamuru naye hakuwa na wa kumuuliza. Injinia akaenda haraka amrudishe, lakini mama yake alishafika. Akakipokea. Akamwambia Kobe ahsante, akamwuliza habari za nyumbani kwake, akamwambia aende salama. Kisha akapita jikoni, akafungua mlango wa friji, akakitoa kikopo cha bati ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akaweka kichupa kipya ndani, akakirudisha jirani na mayai.

"Mama," Injinia akasema nyuma yake.

"Aliisubiri," mama akamjibu, na akaufunga mlango wa friji.